Kikaango cha Chuma na Ngozi Yake Nyeusi

Leo twapenda kunena juu ya kikaango kizito cha chuma cha kusubu, ambacho wengi wetu hukitumia kwa chapati. Chuma hiki hakifuliwi kwa nyundo, bali huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Wachina waliijua kazi hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Huko Uingereza, Abraham Darby alipata hati ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga mwaka 1707.

Weusi ung'aao juu ya kikaango kizuri si masizi wala uchafu. Ni mafuta. Mafuta membamba yakipatwa na moto mkali na hewa, hushikana yakawa kitu kigumu mfano wa vanishi iliyokauka. Ngozi hiyo ndiyo izuiayo maji yasikifikie chuma, na ndiyo izuiayo chapati isigande.

Basi mtoto aliyezoea kusugua sufuria kwa mchanga na majivu, akikitendea kikaango vivyo hivyo, atakileta kwa mama yake kimetakata, naye akingojea kusifiwa. Asilaumiwe, maana hakuambiwa. Mchanga hukwangua ile ngozi, na majivu yakilowa hutoa magadi yalayo mafuta, kama wajuavyo wapika sabuni. Kesho yake kutu imekwisha kuingia.

Kikaango na kioshwe kingali na uvuguvugu, kwa maji ya moto na kumbi la nazi. Sabuni kidogo ya siku hizi haidhuru. Chakula kikigandamana, sugua kwa chumvi ya chengachenga na mafuta kidogo. Kisha kikaushwe juu ya moto, wala si kwa kitambaa peke yake, na kipakwe mafuta kidogo sana.

Lakini kikiwa cha moto sana, kisitiwe maji ya baridi. Sisi wenyewe tulifanya haraka hiyo siku moja, kikalia ta! na ufa ukapita toka ukingoni hata katikati. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kwa kawaida asilimia 2 hadi 4, kwa hiyo ni kigumu ila hakipindiki, kikishtuliwa, hupasuka.

Kilichoota kutu kisitupwe. Hapo ndipo mchanga ufaapo: sugua mpaka kutu yote itoke, osha, kausha motoni. Paka mafuta ya ufuta au ya alizeti, maana ya nazi hayakauki vema, kisha yafute kana kwamba wataka kuyaondoa yote. Yakibaki mengi, yatakuwa ulimbo. Weka juu ya moto hata moshi ukome, kiache kipoe, urudie mara tatu au nne.

Mchuzi wa ukwaju au wa nyanya, uchemkao muda mrefu, upikwe katika chungu cha udongo, kwa kuwa ukali wake huila ngozi hiyo. Na chakula kisilazwe kikaangoni.