Ndege Iliyoundwa Nyumbani: Kwa Nini Injini Hupata Joto Mno?

Katika nchi ya Marekani wako watu wengi waundao ndege ndogo kwa mikono yao wenyewe, katika banda la motokaa karibu na nyumba. Chama chao, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka mingi. Na pengine siku ndege irukapo mara ya kwanza, mshale wa kipimo cha joto hupanda kupita kiasi.

Jambo hili si la kupuuzwa. Injini nyingi za ndege hizo hazipozwi kwa maji, bali kwa upepo. Vichwa vya silinda ni vya alumini, nayo hupungukiwa na nguvu ikipata moto sana. Katika injini nyingi za Lycoming, mpaka wa joto la vichwa hivyo ni digrii 260 za Sentigredi. Lakini ili injini idumu, inashauriwa visizidi 224 safarini.

Basi fundi mwenye busara hutafuta sababu kwa utaratibu. Kwanza hukihakikisha kipimo chenyewe. Kile cha joto la oili hutiwa katika maji yachemkayo: pwani kitaonyesha digrii 100, na mahali pa juu kama Nairobi karibu 95, maana huko maji huchemka kwa joto pungufu.

Pili ni upepo. Huingia kwa matundu ya mbele, hujaa juu ya injini, kisha hushuka katikati ya mapezi membamba ya silinda na kutokea chini. Bati na mpira huziba nafasi nyinginezo. Pakiwapo mwanya, upepo hupita hapo bila kuzipoza silinda. Kwa hiyo fundi huweka taa chini ya injini gizani, akatazama nuru ipenyapo. Tundu la kutokea likiwa dogo mno, upepo hukwama.

Tatu ni petroli: ikiwa kidogo kuliko hewa wakati wa kupaa, joto huzidi. Nne ni cheche: ikiwaka mapema mno, joto huzidi vilevile. Tena injini mpya huwa na joto zaidi katika saa za kwanza, kwa kuwa pete za pistoni hazijakaa sawasawa.

Kila mara hubadilishwa jambo moja tu, na matokeo yake huandikwa. Yakibadilishwa matatu pamoja, haitajulikana lipi lililoponya.

Joto likizidi angani, rubani hushusha pua ya ndege ili mwendo uongezeke, hupunguza nguvu ya injini, huongeza petroli katika mchanganyiko, kisha hutua upesi iwezekanavyo.

Aliyengoja miaka mingi ana hamu ya kuruka tena kesho. Lakini ni heri ndege ikae bandani juma zima kuliko injini kuzimika juu ya miti. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.