Mkebe wa Maziwa Ukipasuka, Mwulize Fundi Habari ya TIG

Mkulima wa Gatongora, mkebe wako wa maziwa ukipasuka usiutupe upesi, wala usimpe fundi yeyote auchomelee kwa vijiti vya kawaida. Mshono mbaya huacha vishimo. Maziwa hukaa humo, vijidudu huzaana, na maziwa ya kesho huweza kukataliwa ijapokuwa ng'ombe wako ni mzima na mikono yako ni safi.

Kazi hiyo yafaa njia iitwayo TIG. Fundi hushika sindano ya tangsteni, madini yasiyoyeyuka mpaka joto lifike digrii 3,422 za Selsiasi. Umeme huruka kutoka ncha ya sindano na kuyeyusha ukingo wa ufa. Kwa mkono wa pili fundi hutia waya wa kujazia, kidogo kidogo. Gesi ya agoni hufunika mahali pale, hewa isiharibu mshono. Hakuna gamba la kugonga, na kwa kuwa fundi aweza kupunguza joto, mkebe mwembamba hautoboki upesi. Russell Meredith wa Marekani alipata hataza ya njia hii mwaka 1942. Alitaka kuunganisha magnesiamu ya ndege.

Basi fanya hivi:

1. Osha mkebe kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe. Mafuta ya maziwa huleta matundu katika mshono.

2. Mweleze fundi kama mkebe ni wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu. Alumini kwa kawaida hutaka umeme wa AC. Chuma hicho hutaka DC.

3. Kwa chuma kisichoshika kutu, gesi ipitishwe na ndani ya mkebe pia, ama sivyo upande wa ndani utakuwa mweusi wenye chembechembe.

4. Kazi ifanyike pasipo upepo, maana upepo hupeperusha gesi.

5. Watoto wasitazame mwali, huumiza macho.

6. Kabla ya kulipa, jaza maji uone kama yavuja. Kisha pitisha kidole ndani: mshono uwe laini.

Lakini jembe la plau, lango na mkokoteni havihitaji TIG. Ni kazi ya polepole, na gesi ni ghali. Huko vijiti vya kawaida vyatosha. Uliza bei kwanza, uilinganishe na ya mkebe mpya, ndipo uamue.