Usiipime Bunduki kwa Mkono

Kila kikosi cha filamu kikipanga kuja kurekodi huku kaskazini mwa Kenya, simu yangu hupokea picha ileile: bunduki imelazwa ubavu juu ya shuka, na chini yake swali. "Mzee, hii ni ya kweli ama ni ya sinema?" Safari hii wameuliza vijana wanaotaka kuigiza wizi wa mifugo huko Leparua. Kabla sijajibu, walikuwa wamejijibu: wameishika, wameipima kwa mkono, ni nyepesi, basi ni bandia.

Picha inaweza kunionyesha aina. Hiyo yao ina umbo la Type 56 ya Kichina, maana kilengeo cha mbele kimezungushiwa pete kamili, tofauti na AKM ya Kirusi ambayo pete yake iko wazi juu. Kama inafyatua au haifyatui, picha haisemi, na mkono wao hausemi. Kazi yangu ni ufundi wa silaha, na jambo linalonichosha kuliko yote ni hii imani ya uzito.

Imani yenyewe inakwenda hivi: chuma ni kizito, plastiki ni nyepesi, bandia ni plastiki, kwa hivyo mkono utakuambia. Hakuna kipande cha hoja hiyo kilicho kizima. Glock, bastola ya Austria iliyoanza kutengenezwa miaka ya themanini, mwili wake wa chini ni plastiki. Ukiijaza risasi 17 bado haifiki kilo moja. Mtu aliyezoea jembe na panga akiishika atasema ni ya mtoto. Upande wa pili ziko bunduki za mchezo, zile zinazorusha vidonge vya plastiki vya milimita 6 kwa gesi au betri. Nyingine siku hizi hutengenezwa kwa chuma na mbao halisi, na AK ya namna hiyo hupita kilo tatu. AKM ya kweli, bila risasi, ina kilo 3.1. Mwenye mkono wa kutenganisha hizo mbili na ajitokeze, tumpe kazi sokoni apime mbuzi. Bastola za kuigiza za aloi ya zinki nazo nyingi ni nzito kuliko Glock, na zile za mpira mgumu hutiwa kipande cha chuma ndani zisipinde mwigizaji anapoanguka nazo.

Tena, kupima ni lazima ushike. Mnamkabidhi asiyejua kitu ambacho hamjui ni nini, anakigeuzageuza mbele ya wenzake, kidole kinatafuta pa kukaa, na pa kukaa penyewe ni kwenye kifyatulio. Hicho ndicho mnachokiita kuhakikisha.

Majaribio mengine ya mtaani ni ndugu wa hilo. Sumaku hushika chuma cha AK ya kweli na chuma cha AK ya mchezo bila ubaguzi. Ncha ya rangi ya machungwa ni sharti la sheria ya Marekani ya 1988 kwa bunduki za kuchezea. Sheria hiyo haiwahusu waliotengeneza Type 56, imeacha mlango kwa bunduki za sinema zisiwe nayo, na rangi ni kitu cha kupaka na kufuta. Pembetatu yenye 66 ndani, muhuri wa kiwanda cha Kichina, huchongwa pia kwenye nakala, kwa sababu wanunuzi wa nakala wanaipenda.

Na sura? Silaha za askari wenye mavazi meupe wa Star Wars, filamu ya 1977, zilijengwa juu ya Sterling, bunduki ya kweli ya jeshi la Uingereza, na bastola ya Han Solo juu ya Mauser ya Ujerumani. Kwa macho ni takataka za anga za juu. Huku kwetu bunduki ya Mark Four ya mzee wa polisi wa akiba, mbao zimepasuka na kufungwa waya, inaonekana kama kitu cha makumbusho, na inaua vizuri sana. Ile iliyotengenezwa uani kwa bomba na komeo la mlango inaonekana bandia kuliko zote.

Hata mngefaulu kujua kwamba ni nakala, mngekuwa hamjajua kitu. Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, bastola iliyokuwa mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin ilimuua Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu wa filamu ya Rust, na kumjeruhi mwongozaji Joel Souza. Bastola ile ilikuwa nakala. Kampuni ya Pietta ya Italia iliiga Colt ya karne ya 19, ikaiga na ufyatuaji wake. Iliyotoka mtutuni ilikuwa risasi hai, iliyochanganyika na risasi za maonyesho, ambazo zina kichwa na ganda lakini hazina baruti. Kwa kutazama zinafanana. Ndiyo maana nyingi za maonyesho hutobolewa ubavuni au hutiwa kigololi ndani, ili mtunza silaha azitikise moja moja sikioni kabla ya kuzipakia. Mtunza silaha wa filamu ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2024.

Risasi tupu, zenye baruti bila kichwa, nazo zina makaburi yake. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum aliweka bastola yenye risasi tupu kichwani kwa mzaha, akafyatua. Nguvu ya mlipuko ule ilimvunja fuvu, akafa siku chache baadaye. Mwaka 1993 Brandon Lee aliuawa akirekodi The Crow: kichwa cha risasi ya maonyesho kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu bila mtu kutazama, kisha risasi tupu ikakisukuma kama risasi hai. Wakazi wa Isiolo mmewaona askari wa Uingereza wakija kufanya mazoezi Archers Post, bunduki zao zina kifaa cha njano mdomoni. Kifaa hicho ni cha risasi tupu. Bunduki iliyo nyuma yake ni kamili, na kifaa hufunguka. Neno "mazoezi" lisimtulize mtu: mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu walioumizwa na vilipuzi vilivyoachwa Dol Dol na Archers Post baada ya mazoezi.

Vijana wangu walikuwa na mpango wa pili: kuazima AK ya mjomba wao, polisi wa akiba, "tutoe magazini tu, mzee". Ukitoa magazini, risasi iliyokwisha kuingia chemba inabaki chemba. AK hufyatua bila magazini, G3 hufyatua, Glock hufyatua. Na bunduki ile si ya huyo mjomba wenu, ni ya serikali. Akiwaazima, kesi ni yake na yenu.

Bado hatujafika Leparua yenyewe. Hii ni hifadhi ya jamii, jirani na Lewa, hifadhi yenye vifaru na askari wake wa wanyamapori, na ng'ombe wakiibwa habari hufika mlimani kabla ya vumbi kutua. Watu sita wakikimbia na AK nyuma ya ng'ombe, anayewaona kutoka mita mia tatu haoni plastiki. Hatashuka kuuliza. Mwenye nakala ndiye atakayepigwa risasi hai, na yeye hana cha kujibu, jambo ambalo katika mazingira hayo labda ni heri. Sheria ya Silaha ya Kenya nayo humwadhibu anayetumia silaha ya kuigiza katika uhalifu, iwe inafyatua au haifyatui.

Kwa hiyo, upesi. Kwa wanaokimbia na kuanguka, bunduki za mpira. Kwa picha za karibu, nakala moja isiyo na chemba wala pini, mtutu umezibwa, na fundi aifungue mbele ya kila atakayeishika. Hakuna risasi tupu. Moto wa mtutu na mlio mtaviweka Nairobi kwenye kompyuta. Hakuna risasi hai kwenye gari lolote, hata ya mlinzi wenu. Mlinzi akae mbali na waigizaji na asiazime kitu. Barua kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kwa chifu, kwa ofisi ya hifadhi na kwa Lewa, yenye tarehe, saa na idadi ya nakala, halafu mtu wa hifadhi awe nanyi akiwa na redio. Tangazeni kwenye mikutano ya wazee na kwenye vituo vya maji, kwa Kimaa pia, maana mchungaji hasomi barua ya OCS. Nakala zote ziwe ndani ya sanduku moja lenye kufuli, ufunguo kwa mtu mmoja, zitoke kamera ikiwa tayari na zirudi mwongozaji akisema kata. Asiwepo wa kupiga selfi nazo barabarani. Jioni hesabuni kwa orodha kabla gari halijawashwa, na ikipungua moja, hakuna anayeondoka.

Ile iliyo juu ya shuka msiiguse tena. Mpigieni OCS aje aichukue hapo ilipo, na msimpelekee kwa boda.