Hesabu Saa Chupa Ikipasuka



Katika vijiji vingi wapo watu wanaokumbuka kifo cha mtoto mchanga ambacho hakikueleweka. Mtoto alizaliwa mzima. Alilia vizuri. Usiku ule ule akakataa ziwa. Akaanza kuhema haraka haraka. Siku ya pili akafariki. Wengine walisema ni jicho baya. Wengine walimlaumu mama kwa chakula alichokula. Wengine walimlaumu mkunga.

Vifo vya namna hii vina sababu nyingi. Leo tutasoma juu ya sababu moja. Ni kijidudu kidogo ambacho mama huwa nacho bila kuumwa. Tutajifunza kinavyompata mtoto. Tutajifunza pia jinsi ya kumkinga.

Kijidudu chenyewe

Kijidudu hiki kinaitwa streptokokasi wa kundi B. Vijidudu vya ukoo huu ni vingi. Mwaka 1933 mtaalamu wa Marekani, Rebecca Lancefield, alivigawa katika makundi. Makundi hayo yakapewa majina ya herufi: A, B, C na kuendelea. Kundi A husababisha maumivu ya koo. Kundi B ndilo linalohatarisha watoto wachanga. Katika somo hili tutaviita vijidudu vya kundi B.

Vijidudu hivi hukaa katika utumbo wa watu wazima, wanaume kwa wanawake. Kwa wanawake wengine hukaa pia katika njia ya uzazi. Mama mwenye navyo haumwi. Hatokwi na kidonda. Hajui kama anavyo. Vinaweza kuja, vikaondoka, kisha vikarudi tena.

Je, ni akina mama wangapi wanavyo? Uchunguzi mmoja ulifanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Kati ya kila wajawazito 100 waliopimwa, karibu 23 walikuwa na vijidudu hivi. Uchunguzi mwingine ulifanyika Kilifi, pwani ya Kenya. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Huko walikuwa 12 kati ya kila 100.

Basi jambo hili si geni. Mama mwenye vijidudu hivi si mchafu. Huu hauhesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Baba, usimshuku mkeo. Mama mkwe, usimlaumu mkwe wako. Lawama hazimponyi mtoto.

Jinsi mtoto anavyoambukizwa

Mtoto tumboni amezungukwa na maji. Maji hayo yamo ndani ya ngozi nyembamba. Ngozi hiyo na maji yake ndiyo tunayoita chupa. Chupa ikiwa nzima, ni kama mlango uliofungwa. Vijidudu vilivyo katika njia ya uzazi haviingii kwa urahisi.

Chupa ikipasuka, mlango umefunguka. Sasa vijidudu vinaweza kupanda hadi kwa mtoto. Kadiri saa zinavyopita, ndivyo vinavyopata nafasi zaidi. Mtoto anaweza kuvimeza au kuvivuta mapafuni. Anaweza pia kuvipata anapopita katika njia ya uzazi.

Watoto wengi wanaopata vijidudu hivi hawaugui. Lakini wachache huugua vibaya sana. Kama hakuna dawa iliyotolewa, katika kila watoto 100 wa akina mama wenye vijidudu hivi, mmoja au wawili huugua. Vijidudu huingia katika damu yao. Huweza kuleta nimonia au homa ya uti wa mgongo. Mtoto anaweza kufa kwa muda mfupi. Anayepona anaweza kubaki kiziwi au mlemavu.

Ni mama yupi aangaliwe zaidi?

Nchi nyingine, kama Marekani, huwapima wajawazito wote katika wiki ya 36 au 37. Katika zahanati nyingi za vijijini kipimo hiki hakifanyiki. Je, tukate tamaa? Hapana. Zipo dalili tunazoweza kuziona bila kipimo. Mtoto yuko katika hatari zaidi kama:

1. Chupa imepasuka, na saa 18 au zaidi zimepita kabla ya kujifungua.
2. Uchungu au kupasuka kwa chupa kumeanza mapema, mimba haijatimiza wiki 37.
3. Mama ana homa wakati wa uchungu, nyuzi 38 au zaidi.
4. Maji yanayotoka yana harufu mbaya.
5. Mama aliwahi kuzaa mtoto aliyeugua kwa vijidudu hivi.
6. Vijidudu hivi vilionekana katika mkojo wa mama wakati wa mimba hii.

Mama mwenye dalili hata moja kati ya hizi asijifungulie nyumbani. Aende kwenye kituo chenye dawa na wauguzi.

Dawa inayomkinga mtoto

Dawa inayotumika ni penisilini au ampisilini. Mama huchomwa dawa hiyo kwenye mshipa wakati wa uchungu. Dawa hupita katika damu ya mama na kumfikia mtoto kabla hajazaliwa.

Dawa hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa angalau saa 4 kabla ya mtoto kuzaliwa. Mama akifika akiwa karibu kujifungua, muda huo haupo tena. Kwa hiyo kuwahi ni sehemu ya dawa.

Wengine huuliza: Kwa nini mama asinywe vidonge mapema, mimba ikiwa ya miezi saba au minane? Jibu ni kwamba vijidudu hurudi. Siku ya kujifungua vinaweza kuwapo tena. Usinunue vidonge dukani ukadhani umemaliza kazi. Lakini mama mwenye vijidudu katika mkojo atatibiwa kama muuguzi atakavyoamua. Kama ni vya kundi B, atahitaji tena dawa wakati wa uchungu.

Kama penisilini iliwahi kukudhuru, mwambie muuguzi kabla hajakuchoma. Labda ulivimba uso, ulitokwa na vipele au ulishindwa kupumua. Iko dawa nyingine.

Kuosha njia ya uzazi kwa dawa hakumkingi mtoto na ugonjwa huu. Kuweka majani au dawa za kienyeji ndani ni hatari. Vitu hivyo huweza kuingiza vijidudu vingine.

Tujifunze kuhesabu saa

Tuchukue mfano. Chupa ya mama mmoja imepasuka saa 12 jioni. Kutoka saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi ni saa 12. Kutoka saa 12 asubuhi mpaka saa 6 mchana ni saa 6. Jumla ni saa 18. Kwa hiyo saa 18 zitatimia kesho yake saa 6 mchana.

Sasa tuseme watu wa nyumbani wanasema, "Uchungu haujaanza. Tulale, tutaona asubuhi." Asubuhi wanatafuta nauli. Wanaondoka saa 4 asubuhi. Barabara ni mbaya. Wanafika saa 7 mchana. Saa 19 zimekwisha kupita. Uchungu umekuwa mkali. Mama anachomwa dawa, na saa 8 mtoto anazaliwa. Dawa imepata saa moja tu.

Tuangalie tena. Kama wangeondoka jioni ile ile, mama angefika usiku huo huo. Wauguzi wangekuwa na muda wa kumwangalia, kumpa dawa inapotakiwa, au kumpeleka hospitali kubwa.

Saa 18 si ruhusa ya kukaa nyumbani saa 17. Chupa ikipasuka, ondoka. Usingoje uchungu.

Chupa ikipasuka, fanya hivi

1. Tazama saa. Kama huna saa, tazama jua, au kumbuka adhana au jogoo. Andika muda huo kwenye karatasi na uuweke pamoja na kadi ya kliniki. Sasa unajua kusoma na kuandika. Karatasi hiyo inaweza kumsaidia sana mwanao.
2. Tazama rangi ya maji na harufu yake. Maji yakiwa ya kijani, au yakiwa na damu au harufu mbaya, mwambie muuguzi.
3. Vaa kitambaa safi. Usiingize kitu chochote ndani, hata kidole. Usikutane na mume.
4. Ondoka kwenda kituoni.
5. Ukifika, usingoje kuulizwa. Sema: "Chupa ilipasuka saa fulani. Mimba yangu ni ya wiki kadhaa. Nina homa," au "Sina homa." Kama mtoto wako mwingine aliugua au kufa siku za mwanzo, sema pia.

Wakunga wa jadi nao wana kazi kubwa hapa. Wao mara nyingi ndio wa kwanza kuitwa. Mkunga anayesema "Twende zahanati sasa hivi" ameokoa maisha.

Baba naye ana kazi yake. Mimba ikifika miezi saba, nauli iwe imekwisha tengwa. Mwenye pikipiki au gari awe amekwisha ambiwa. Ijulikane nani atabaki na watoto. Chupa inaweza kupasuka usiku wa manane. Huo si wakati wa kuuza kuku.

Mtoto akishazaliwa

Watoto wengi wanaougua ugonjwa huu mapema huugua katika saa 24 za kwanza. Kwa hiyo usiharakishe kurudi nyumbani. Kaa kituoni angalau siku moja kamili. Wauguzi wakitaka kumchoma mtoto dawa kwa sababu ya dalili za mama, usikatae.

Wengine huugua baadaye, kuanzia wiki moja hadi miezi mitatu. Dawa aliyopewa mama wakati wa uchungu haizuii ugonjwa huo wa baadaye. Kwa hiyo endelea kumwangalia mtoto nyumbani. Mrudishe kituoni mara moja ukiona:

1. Hanyonyi, au ananyonya kidogo sana kuliko jana.
2. Amelegea, au haamki mpaka asumbuliwe.
3. Anahema haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika moja. Mhesabie akiwa ametulia. Kisha hesabu tena.
4. Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anakoroma kwa shida.
5. Mwili una joto kali, au umekuwa wa baridi.
6. Anashtuka kwa degedege.
7. Ngozi au macho ni ya njano siku ya kwanza.

Dalili moja inatosha. Usingoje ya pili. Mtoto mkubwa anaweza kuumwa siku tatu na watu wakamwona anavyodhoofika. Mtoto mchanga hawezi. Asubuhi ananyonya, jioni yuko hatarini. Kukosa joto kusikudanganye. Kwa mtoto mchanga, baridi ya mwili ni dalili mbaya kama homa.

Njiani, mweke mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na mfunike vizuri. Akiweza kunyonya, mnyonyeshe. Maziwa ya mama hayakatazwi kwa sababu ya vijidudu hivi. Usimpe maji ya dawa za miti. Usimchanje.

Mambo ya kukumbuka

Mama mwenye vijidudu vya kundi B haumwi, na hana kosa.
Chupa ikipasuka, andika saa na uondoke.
Dawa hutolewa wakati wa uchungu, nayo huhitaji muda.
Mtoto mchanga asiyenyonya ni mgonjwa mpaka ahakikishwe kuwa mzima.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kutoka kijijini kwetu hadi kituo cha kujifungulia ni mwendo wa saa ngapi mchana? Na usiku, au wakati wa mvua?
2. Ni nani kijijini mwenye chombo cha usafiri? Tumekwisha zungumza naye?
3. Katika nyumba zetu, nani huamua mama aondoke? Je, asipokuwapo, nani ataamua?

Zoezi la hesabu

1. Chupa imepasuka saa 3 usiku. Saa 18 zitatimia lini?
2. Chupa imepasuka saa 8 usiku. Saa 18 zitatimia lini?

Majibu: 1. Kesho yake saa 9 alasiri. 2. Usiku unaofuata, saa 2.