Yavuyavu Anayerudi Utotoni

Je, wajua kwamba baharini yuko mnyama ambaye akizeeka, akijeruhiwa au akikosa chakula, badala ya kufa huurudia utoto wake? Ni yavuyavu aitwaye kisayansi Turritopsis dohrnii. Upana wake haufiki milimita 5, na mwili wake ni mwangavu hata tumbo lake jekundu linaonekana kwa nje.

August Weismann alimwelezea kitaalamu mwaka 1883, kisha kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyemjali. Mwaka 1988 Christian Sommer, mwanafunzi Mjerumani aliyekuwa akikusanya viumbe wa bahari huko Rapallo, Italia, aliona mayavuyavu aliowafuga hawafi. Wanazidi kuwa wachanga. Mwaka 1996 Stefano Piraino, Ferdinando Boero na wenzao walieleza kwa kina kinachotokea.

Yavuyavu wa kawaida huanza maisha akiwa polipu, kijimti laini kilichojishika kwenye mwamba. Polipu huchipua mayavuyavu wanaoogelea, nao huzaa na kufa. Huyu wetu akibanwa na shida hujikunja, minyiri yake hunywea, akawa donge. Donge huzama, hujishika chini, na baada ya siku chache tu huanza kutoa polipu mpya. Seli zilizokwisha kuwa za kazi moja huacha kazi hiyo na kushika nyingine. Hilo ndilo linalonistaajabisha kuliko yote, maana miilini mwetu seli ya msuli hufa ikiwa ya msuli.

Riwaya ya V. E. Schwab ya mwaka 2020, The Invisible Life of Addie LaRue, inasimulia msichana Mfaransa aliyefanya mapatano asife, na kila amwonaye akamsahau pindi anapoondoka machoni pake. Yeye hukumbuka yote. Nikimtazama yavuyavu huyu, naona kinyume chake. Hana ubongo, ana mtandao wa neva tu, na mtandao huo uliomwongoza alipokuwa akiogelea hausalii donge linapoumbika. Uhai unaendelea, lakini mwili ulioogelea umekwisha. Kwa hiyo neno “kutokufa” lina haki nusu hapa, nasi tulitumie kwa uangalifu.

Isitoshe, samaki na kobe wa bahari huwala mayavuyavu bila kuuliza umri, na maradhi nayo huwamaliza. Huko Shirahama, Japani, Shin Kubota wa Chuo Kikuu cha Kyoto aliwalinda katika maabara, akashuhudia kundi lake likirudi utotoni mara 10 katika miaka 2.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oviedo, Hispania, walilinganisha jeni zake na za ndugu yake Turritopsis rubra, asiye na uwezo huo baada ya kuzaa. Waligundua kwamba dohrnii ana nakala za ziada za jeni zinazokarabati DNA na kutunza ncha za kromosomu.

Naye amesafiri mbali. Mwaka 2009 Maria Pia Miglietta na Harilaos Lessios walionyesha kwamba mayavuyavu wa Panama, Florida, Hispania, Italia na Japani wanafanana mno kijeni, ishara kwamba walibebwa katika maji ambayo meli hupakia ili zisiyumbe. Ilikuwa vigumu kutambua kwamba ni spishi moja: wa bahari za joto wana minyiri 8, wa maji baridi zaidi wana 14 au zaidi.