Kamba Haikatiki Katikati

Karabina nzuri, ile pete ya chuma yenye lango, huwa imechongwa namba tatu ubavuni. Ya kwanza, tuseme 24, ni nguvu inayoihimili ikivutwa kwa urefu wake huku lango limefungwa. Ya pili, ikivutwa kwa upana, mara nyingi ni 7 au 8. Ya tatu ni ya lango likiwa wazi, nayo haipishani sana na ya pili. Kipimo ni kilonewtoni, na kilonewtoni moja ni uzito wa kilo 102 hivi. Kwa hiyo chuma kilekile kinaweza kubeba karibu tani mbili na nusu, au kikashindwa na robo tatu ya tani, kutegemea kimekaaje kule juu ya mti.

Mkwezi anayekwenda kupogoa matawi huanza kusoma namba ya kwanza. Mimi ningependa aanze na ya pili. Kanuni za Ulaya zinataka vifyonza mshtuko vya mikanda ya usalama vizuie nguvu ya anguko isivuke kilonewtoni 6. Karabina iliyogeuka upande yenye namba 7 ina akiba ya kilonewtoni moja tu juu ya kiwango hicho, tena hapo kifyonza kipo. Mkwezi wa miti kwa kawaida hana kifyonza. Kamba yake, ikifuata kanuni ya Ulaya ya EN 1891, hairuhusiwi kurefuka zaidi ya asilimia 5 mzigo unapopanda kutoka kilo 50 hadi 150. Unyumbufu mdogo humsaidia kupanda, lakini akianguka na kamba iliyolegea, karibu pigo lote huishia kwenye viunganishi kama karabina.

Karabina hugeukaje? Mkwezi huketi tawini, kamba hulegea, chuma hucheza ndani ya kitanzi kipana, kisha yeye hujiachia tena na uzito hurudi kabla chuma hakijakaa sawa. Fundo la nane, lenye umbo la tarakimu 8, ni imara na rahisi kulikagua, lakini kitanzi chake hakibani. Kwa mwisho wa kamba unaokaa kwenye karabina, kinachofaa zaidi ni kitanzi kinachojikaza: ncha ya kamba hupitishwa kwenye chuma, huzungushwa mara mbili au tatu juu ya kamba yenyewe, kisha huingizwa ndani ya mizunguko hiyo na kuvutwa. Fundo hukumbatia chuma, na chuma hakina nafasi ya kugeuka.

Lango nalo lina adui wake. Lango la kufunga kwa parafujo hufunguka taratibu likisuguliwa na gome au kamba inayopita. Ndiyo maana kanuni za usalama wa kazi za miti nchini Marekani, ANSI Z133, zinataka karabina ya kumbeba mtu ijifunge yenyewe, na isifunguke bila angalau vitendo viwili vya makusudi vinavyofuatana.

Ukiweka kando kamba iliyoguswa na msumeno, kamba iliyozidiwa haikatiki katikati, hukatika penye fundo. Pale inapokunjwa, nyuzi za nje huvutika kuliko za ndani, mzigo haugawanyiki sawa, na fundo la nane huiachia kamba kama robo tatu ya nguvu zake. Hilo lisitutishe. Kamba ya aina A ya EN 1891 lazima ihimili kilonewtoni 22, na robo tatu yake ni zaidi ya kilonewtoni 16. Nguvu ipo ya kutosha. Swali ni fundo litafanya nini likitumika.

Swali hilo huwa zito zaidi kwa fundo la msuguano, lile linaloteleza likisukumwa kwa mkono na kung'ang'ania likibebeshwa uzito. Karl Prusik wa Austria alilitangaza la kwake mwaka 1931. Hubana pande zote mbili, lakini likishabeba mtu ni gumu kulilegeza. Fundo la Blake, ambalo Heinz Prohaska alikuwa amelieleza mapema kabla ya Jason Blake kulieneza Marekani mwaka 1994, hufungwa kwa ncha ya kamba yenyewe bila kifaa cha ziada. Hesabu iliyo chini ya mafundo haya ni ya Leonhard Euler wa karne ya 18: kila mzunguko wa kamba hauongezi msuguano, huuzidisha. Mgawo wa msuguano ukiwa 0.25, mzunguko mmoja huzidisha nguvu ya kushika karibu mara tano, na mitatu zaidi ya mara mia. Fundo halisi lina mambo mengi kuliko hesabu hiyo, ila ndiyo inayoeleza kwa nini mzunguko mmoja pungufu hukuporomosha na mmoja wa ziada hukunasa.

Msuguano pia ni joto. Mtu wa kilo 80 akishuka mita 20 huacha jouli zipatazo 15,700 kwenye fundo na kamba yake, joto la kuchemsha karibu robo kikombe cha maji. Akishuka polepole, hutawanyika. Akishuka kwa kasi, hukusanyika kwenye milimita chache za nyuzi. Hapo nyuzi za polietilini, zenye nguvu kubwa mno zikivutwa na zinazovutia sana dukani, ndizo mbaya kuliko zote: huyeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi, ni telezi, na hupoteza nguvu nyingi zikifungwa fundo. Nailoni na poliesta huyeyuka kwenye joto linalozidi 200. Aramidi haiyeyuki kabisa, na huanza kuharibika zaidi ya 400, kwa hiyo hutumika sana kwenye ala ya kamba za fundo, zile fupi za kufungia fundo la msuguano. Lakini huchoshwa na kukunjwa mara kwa mara na hudhoofishwa na jua. Kamba ya fundo inayong'aa kama iliyopakwa vanishi imekwisha kuungua, ibadilishwe. Na fundo jipya, kwenye kamba yoyote, lipangwe, likazwe, likaliwe kwa uzito wote wa mwili miguu ikiwa bado karibu na ardhi, kwa kuwa lililoshika vizuri kwenye kamba kavu ya jana linaweza kuteleza kwenye kamba mpya au kugoma kwenye iliyolowa.