Modeli za vichwa vya treni vya dizeli

Modeli za vichwa vya treni vya dizeli ni nakala ndogo za vichwa halisi vya treni vinavyotumia dizeli, zilizotengenezwa kwa kufuata vipimo vya vichwa hivyo. Nyingi zina mota ya umeme na hutembea juu ya reli ndogo. Nyingine ni za kuonyeshwa kabatini tu. Wakusanyaji huzilinganisha kwa usahihi wa umbo, rangi, namba na mwendo. Ulinganisho huo huwa na maana pale tu mambo matatu yanapojulikana: skeli ya modeli, kichwa halisi kinachoigwa, na kipindi ambacho kichwa hicho kilikuwa na sura inayoonyeshwa.

## Skeli na geji

Skeli ni uwiano kati ya vipimo vya modeli na vipimo vya kitu halisi. Geji ni upana kati ya reli mbili. Maneno haya huchanganywa mara nyingi, lakini hayana maana moja. Skeli zinazojulikana zaidi ni:

* O: geji ya milimita 32, skeli ni 1:43.5 nchini Uingereza na 1:48 nchini Marekani.
* OO: skeli 1:76.2, geji ya milimita 16.5, hutumika hasa Uingereza.
* H0: skeli 1:87, geji ya milimita 16.5, ndiyo iliyoenea zaidi duniani.
* TT: skeli 1:120, geji ya milimita 12.
* N: geji ya milimita 9, skeli ni 1:160 Ulaya bara na Marekani, lakini 1:148 Uingereza.
* Z: skeli 1:220, geji ya milimita 6.5, ilianzishwa na kampuni ya Märklin ya Ujerumani mwaka 1972.

OO na H0 hutumia reli zilezile ingawa skeli zake hazilingani. Chanzo chake ni cha kihistoria: treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za Ulaya bara, na mota za miaka ya 1930 hazikuenea vizuri ndani ya modeli zake kwa skeli ya 1:87. Watengenezaji waliongeza ukubwa wa modeli lakini wakaacha reli zilivyokuwa. Reli halisi yenye upana wa milimita 1,435 ingepaswa kuwa na milimita 18.83 katika skeli ya OO. Kwa hiyo kila modeli ya kawaida ya OO imesimama juu ya reli ambayo ni nyembamba kwa zaidi ya milimita 2. Baadhi ya mafundi hurekebisha kasoro hiyo kwa kubadilisha magurudumu na kutumia reli za mfumo wa EM (milimita 18.2) au P4 (milimita 18.83).

## Mfano: Class 37

Kichwa cha Class 37 cha Uingereza kinaonyesha vizuri jinsi ulinganisho unavyofanyika, kwa sababu kimeigwa mara nyingi na viwanda mbalimbali. Vichwa 309 vilijengwa na kampuni ya English Electric kati ya miaka 1960 na 1965. Kila kimoja kilikuwa na injini ya silinda 12 yenye nguvu ya farasi 1,750 na urefu wa takriban mita 18.75. Urefu huo unapaswa kuwa milimita 431 katika O ya Uingereza, milimita 246 katika OO na milimita 127 katika N ya Uingereza. Rula peke yake huweza kuonyesha kama modeli imefuata skeli yake.

Kipimo cha pili ni umbo la pua. Vichwa vya kwanza, kuanzia D6700 hadi D6818, vilikuwa na visanduku viwili vya namba ya safari, kimoja kila upande wa mlango wa mbele. Kuanzia D6819 kisanduku kikawa kimoja katikati. Modeli yenye namba ya kundi moja na pua ya kundi lingine ina kosa, hata kama rangi yake imepakwa kwa ustadi.

Kipimo cha tatu ni kipindi. Vichwa hivi vilianza kazi vikiwa na rangi ya kijani na namba zinazoanza na herufi D. Rangi ya buluu ilianza kutumika katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, na namba zinazoanza na 37 zilikuja na mfumo mpya wa kompyuta katika miaka ya 1970. Kichwa kilekile kiliweza kubadilishwa namba zaidi ya mara moja: D6700 kilikuwa 37119, kisha 37350. Kwa sababu hiyo modeli mbili zenye namba tofauti zinaweza kuwa nakala za kichwa kimoja.

## Mwendo na umeme

Modeli za bei nafuu za miaka ya 1970 na 1980, zikiwemo za kampuni ya Lima ya Italia, ziliwekewa mota upande mmoja tu wa kichwa, na baadhi ya magurudumu yakavishwa mpira ili yasiteleze. Modeli za baadaye huwa na mota katikati inayozungusha magurudumu ya pande zote mbili, pamoja na flaiwili, yaani gurudumu zito linalofanya mwendo uwe laini.

Uzito nao ni muhimu. Class 37 halisi ina takriban tani 105. Uzito huo ukipunguzwa kwa skeli ya OO pande zote tatu, unabaki gramu 240 hivi. Modeli nyepesi kiasi hicho ingevuta mabehewa machache, kwa hiyo watengenezaji huongeza chuma ndani.

Katika mfumo wa zamani, kasi hutegemea volti zinazopelekwa kwenye reli. Katika mfumo wa kidijitali wa DCC, uliofanywa kuwa sanifu na chama cha Marekani cha NMRA katika miaka ya 1990, kila modeli ina chipu yenye namba yake. Hivyo treni kadhaa huendeshwa kwenye reli moja kwa kasi tofauti, na spika ndogo hutoa mlio uliorekodiwa kutoka kwa injini halisi.

## Thamani na uharibifu

Bei ya modeli iliyotumika hutegemea hali yake, uchache wake na kuwepo kwa boksi la awali. Hatari isiyoonekana haraka ni kuoza kwa aloi ya zinki. Aloi ikichanganyika na uchafu kama risasi wakati wa kuyeyushwa, huvimba na kupasuka baada ya miaka, na hakuna dawa ya kuirudisha. Uharibifu huu umeonekana katika modeli za kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na hata katika baadhi ya zilizotengenezwa baada ya mwaka 2000. Dalili zake ni nyufa ndogo, fremu iliyopinda na bodi isiyokaa sawasawa. Modeli ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi inaweza kuwa imeharibika bila mwenyewe kujua, kwa hiyo ni vema kukagua fremu kabla ya kununua.

## Uhusiano na Afrika Mashariki

English Electric ilitengeneza pia vichwa vya dizeli kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki (EAR), vikiwemo vya Class 90, ambavyo baadaye viliitwa Class 87. Modeli ya Class 37 haiwezi kugeuzwa kuwa kichwa hicho kwa kupaka rangi na kubandika nembo tu. Cha EAR kilikuwa na ekseli nane badala ya sita, na kilitembea kwenye reli yenye upana wa mita 1. Kwa skeli ya 1:87 reli hiyo huwa na milimita 11.5, na hutengenezwa kwa milimita 12 katika mfumo unaoitwa H0m. Reli ya SGR ya Mombasa–Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo modeli ya treni zake hutumia reli za kawaida za H0.

## Tazama pia

* Injini ya dizeli
* Reli
* Treni